Mafuta ya Beberu na Upara Wangu

Jumatatu, tarehe 9 mwezi wa tisa

Asante Yesu, nimepata dawa ya upara! Binti yangu Reine alikuwa anakariri somo lake kwa sauti: kila mnyama anayenyonyesha ana manyoya au nywele, na kwenye shina la unywele, ndani ya ngozi, kuna tezi ndogo inayotoa mafuta. Nikaacha ugali. Basi mimi si mzee! Tezi zangu zimelala tu. Zinataka kuamshwa kwa mafuta.

Na haraka ipo. Jumapili, baada ya misa, Mama Huguette atasema anamkubali nani: mimi, niliyefiwa na mke miaka minne iliyopita, au Papa Edouard wa bandarini, mwenye nywele zilizofura kama mkate.

Jumatano, tarehe 11

Nimemuuliza jirani Rubens, mfuga mbuzi, mnyama gani ana tezi zenye nguvu. Beberu, akajibu bila kufikiri: nyuma ya pembe, pale panaponata. Na kweli, beberu ana ndevu. Hata wake zake wana ndevu! Neno limekwisha. Nimesugua kitambaa pale, nikapaka kichwani. Beberu alinitazama kama muntu aliyeibiwa.

Ijumaa, tarehe 13

Nimepaka mara ya sita. Kichwa kinawasha. Njo kusema nywele zinatoka! Reine amehamishia sahani yake nje. Anasema nilisikia nusu ya ukurasa tu. Nikamwambia imani haingojei nusu ya pili. Nimeoga mara tatu, harufu haijasogea. Nimeongeza manukato. Sasa ninanuka beberu anayekwenda arusini.

Jumapili, tarehe 15

Aibu, aibu! Ilikuwa misa ya mavuno. Papa Edouard, kwa kujionyesha, alileta mbuzi jike kwenye maandamano ya matoleo, amemfunga utepe shingoni. Walipofika kwenye benchi langu, mbuzi akasimama. Akanusa. Akalia kwa mapenzi, akamburuta Edouard na viatu vyake vya kung'aa mpaka kwangu. Nikapiga magoti nisali. Akanilamba upara wote, mbele ya altare! Edouard akapaza sauti: "Papa Reine, bibi arusi wako njo huyu!" Kanisa zima likacheka. Mama Huguette alicheka mpaka akatoka nje ameshika tumbo. Akaenda zake bila kutoa jibu. Basi, nimemkosa.

Jumatatu, tarehe 16

Mama Huguette amekuja mwenyewe! Akasimama upande upepo unakotokea. Akasema tangu azike mume wake hajacheka hivyo. Papa Edouard abaki na nywele zake, na mbuzi wake pia. Ananikubali mimi! Masharti mawili: nioge, na nisipake tena kitu cha mbuzi kichwani, maana upara wangu unampendeza. Nikaapa huku nimeshika rozari. Nikalia.

Lakini mwanamke mwenye adabu angesema nini kingine? Ananihurumia, maskini. Siku ya ndoa nitamshangaza. Rubens anasema ziwani hakuna mwenye manyoya mazito kama fisi maji, yule mla samaki, na tezi zake ni mbili, chini ya mkia. Mbili! Tena chini ya mkia, mbali na pua; haziwezi kunuka. Kesho asubuhi tunakwenda kumtega. Na kiapo changu, Mungu ni shahidi, kilitaja mbuzi tu.