Nusu ya Blanketi la Maman Alphonsine

Jumamosi, 11 Oktoba

Leo nimeingia katika nyumba iliyojengwa makusudi ili ndani kuwe na baridi kuliko nje. Nilivaa koti, sweta, na sweta lingine. Timu ya vijana wa chuo imeanza msimu wake wa hoki ya barafu, na golini amesimama Constant, mtoto wa Maman Alphonsine wa kanisani kwetu. Mchezo wenyewe sikuuelewa. Kuna magongo, kuna kisahani cheusi kinachopita kama panya, halafu vijana wanakamatana mashati na refa anawaacha kwanza wamalize. Tumefungwa sita. Sikusikitika, Mungu anisamehe, kwa sababu nilikaa kando ya Maman Alphonsine.

Alikuwa na blanketi la kahawia na termosi ya chai ya tangawizi. Blanketi linatosha watu wawili. Alinisukumia kona moja bila kunitazama, macho kwa mwanawe, kama jambo la kila siku. Goti langu la kushoto likapata joto. Tangu mke wangu Rolande aitwe na Bwana, napika kwenye sufuria ndogo na kula nimesimama. Nilikuwa nimesahau kwamba goti nalo lina moyo.

Nimeamua. Msimu huu sikosi mechi hata moja.

Jumapili, 12 Oktoba

Papa Kabeya amesikia. Huyu ndiye kiongozi wa kwaya. Ni mjane kama mimi, ila ana gari na sauti ya besi. Alimwambia Maman Alphonsine mbele ya watu wote kwamba mechi ijayo atampeleka yeye, si vizuri mama wa watu kugandishwa kwenye vituo vya tramu. Mimi ndiye niliyempandisha tramu! Kisha akaniuliza kama kule mtaani kwangu Ganshoren hakuna kitu cha kutazama. Nilimjibu kwamba Ganshoren ni mahali pa amani. Ni kweli. Hata mbwa wa Ganshoren wanabweka kwa adabu. Ndiyo shida yenyewe.

Jumamosi, 15 Novemba

Kabeya kulia, mimi kushoto, Maman katikati. Kabeya akakohoa. Kikohozi cha besi, cha maigizo kabisa. Blanketi likaenda kulia.

Bon. Nami nilikuwa na mpango. Fundi wa Chaussée de Wavre alinishonea shati la kikwembe, kitenge chetu, lenye rangi za timu, nyekundu na nyeupe. Lilinikaa vizuri. Ila sisi ni kijani. Nyekundu na nyeupe ni wale waliotufunga sita, mechi ya kwanza nilikuwa nimetazama goti kuliko uwanja. Na leo walikuwa ni hao hao tena. Mashabiki wao walinikumbatia, wakanipa soseji, wakataka kunibeba. Maman alicheka mpaka chai ikamwagika, akanifuta mkono kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Kabeya hakufutwa popote.

Tumefungwa tena. Siku nzuri.

Jumapili, 18 Januari

Timu imeanza kushinda, sijui kwa nini. Leo katika ushuhuda Maman Alphonsine alisimama, akasema Constant anamaliza masomo mwaka huu, na yeye kama mama anaomba kitu kimoja tu, amuone mwanawe kwenye fainali. Kanisa zima likasema amina. Kabeya akasema amina yake ndefu, yenye kona.

Mimi sitasema amina tu. Nitampatia hiyo fainali. Kule kwenye nyumba ya wazee ninakoosha vyombo, mimi ni mtu wa kuaminiwa na sahani mia. Nitashindwa na kisahani kimoja?

Jumamosi, 24 Januari

Nimepata cheo. Nilimwomba kocha, akakubali: mimi ndiye mtu wa chupa za maji. Nakaa kwenye benchi pamoja na timu! Vijana wananiita tonton, yaani mjomba.

Jambo moja sikulifikiria. Benchi la timu liko ng'ambo ya barafu. Kwa hiyo tangu mwanzo hadi mwisho nimewaona vizuri sana, Maman na Kabeya, blanketi moja, mvuke wa chai ukipanda kati yao. Uwanja mzima ulikuwa katikati yetu. Nilimpungia mkono. Akapunga. Labda alikuwa anampungia Constant.

Tumeshinda. Tukishinda moja tena tuko fainali.

Jumamosi, 7 Februari



Kanisani kwetu kila nyumba hupewa chumvi ya maombi mwanzoni mwa mwaka. Unaimwaga mlangoni, adui hapiti. Sote tunafanya hivyo, nami sijawahi kuibiwa. Donc, nikafikiri. Goli ni nini? Ni mlango. Adui ni nani? Wale wa ng'ambo wenye magongo. Niliwaomba jirani zangu wa kanisani chumvi zao, nikapata mfuko mzito. Kabla ya mechi, vijana wakiwa wanavaa, nikaingia na viatu vyangu kama mtu anayekagua, nikazunguka goli la Constant nikimwaga na kuomba. Nilimaliza zaburi nzima. Roho yangu ilikuwa nyeupe.

Mwanzoni barafu ilitoka jasho tu. Halafu ikafanya vishimo. Halafu Constant akaanza kusimama kama mtu aliye kwenye uji. Kisahani kilikuja polepole, kikajikwaa, kikabadilisha njia, kikaingia. Kingine hivyo hivyo.

Wakapumzika. Hapo ikaja ile mashine kubwa ya kulainisha barafu, ikapita golini, ikaibeba chumvi yangu, ikaizungusha uwanja mzima kama mpanzi wa mbegu. Refa aliinama, akagusa, akaonja kidole. Mechi ikavunjwa. Ushindi wakapewa wageni.

Mfuko ulikuwa bado mkononi mwangu, na jina la kanisa juu yake.

Constant alivua kofia ya chuma. Hakukasirika, na hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi.

"Tonton," alisema, "après le premier tiers tunabadilishaka côté. Hata ingefanya kazi, ungewachungia wale goli yao."

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba baada ya kipindi cha kwanza wanabadilishana pande.

Ng'ambo ya barafu Maman Alphonsine alikuwa analikunja blanketi. Alilikunja mara mbili, akalilaza mapajani, akakaa hivyo akiliangalia. Hakunitazama. Kabeya hakukohoa.

Jumatano, 18 Februari

Nimekwenda Galerie d'Ixelles, kwenye saluni ya Maman Alphonsine. Nilisimama nje muda mrefu nikijifanya kutazama mawigi. Akanivuta ndani, akanikalisha kwenye kiti cha wateja, akaendelea kumsuka dada mmoja. Nilianza kuomba radhi. Nilieleza chumvi, mlango, zaburi. Nikasema kwamba niliitaka ile fainali kwa ajili yake. Dada anayesukwa alikuwa anatikisika kwa kicheko, Maman akamshika kichwa atulie.

Akasema Constant amekwisha kusamehe, na vijana wote wanaisimulia hadithi hiyo mjini. Kisha akaacha kusuka.

"Papa Numbi, weye unajisumbuaka bure. Kuja Jumamosi saa sita. Océane wangu ana mashindano yake ya kuogelea, Constant atamupeleka. Miye nitabakia peke yangu ku nyumba. Nitapika bukari na sombe. Usilete kitu. Kuja tu weye."

Ugali na kisamvu! Nilirudi Ganshoren kwa miguu. Sikuhisi baridi popote.

Ijumaa, 20 Februari

Nimewaza siku mbili maneno ya Maman Alphonsine, na nimeyaelewa. Binti yake anashindana kesho, na mama, kwa sababu ya kupika, hatakuwepo! Maskini. Mama mwenye moyo kama ule hawezi kuomba waziwazi. Lazima mtu aende bwawani kwa niaba yake. Nitakwenda mimi. Nitampigia kelele Océane mpaka ashinde, halafu jioni nitapiga hodi na medali, na blanketi litafunguliwa lenyewe.

Shati nimeshashonewa. Safari hii nimeuliza rangi. Chumvi iliyobaki nimeiweka karibu na viatu nisiisahau. Maji hayaogopi chumvi. Bahari nzima imejaa chumvi, na samaki wanaogelea vizuri.

Kilichobaki kilikuwa bukari, dhambi kuiacha ipoe. Alors, leo baada ya mazoezi ya kwaya nimemwomba Papa Kabeya aende saa sita, anitakie radhi, akae mahali pangu, ale vizuri. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Kisha akanishika mkono, akasema asante kwa sauti ndogo, yeye mwenye besi.

Nimemhurumia. Mtu mzima, na hana mpango hata mmoja.