Chupa Zilizong'aa Kupita Kiasi

Jumatatu, 3 Machi
Tangu dunia iumbwe hajazaliwa mwosha chupa kama mimi. Nikiishika chupa, jua lenyewe linaomba kujitazamia humo! Maabara nzima ya udongo inanitegemea, ila haijaambiwa.

Shangazi, aliyenilea tangu nikiwa wa kubebwa, kanipa udongo wa shamba lake. Vitunguu vimepauka majani machanga. Anataka kujua kama ardhi ina salfa. Ikikosekana, ataumwaga shambani ule mfuko wa mbolea ya salfa ulio stoo. Ikiwa ipo tele, jirani anautaka mfuko, atamlipa Shangazi beberu. Nikamwambia, Shangazi, umefika kwa mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Miwani, mwosha chupa mwenzangu, anasuuza kwa maji matupu. Eti sabuni ya unga ni marufuku. Mvivu huyo! Nikaleta ya kufulia ya Shangazi, ile yenye harufu ya maua. Chupa zilivyong'aa, Mama Mizani, mkuu wetu, akauliza nani kaosha. Nikakohoa kwa heshima.

Jumatano, 5 Machi
Tumepima. Udongo unatikiswa ndani ya dawa, unachujwa, kisha maji yake yanatiwa dawa nyingine, bariamu. Salfa ikiwemo, linatokea wingu jeupe. Chupa ya Shangazi ilikuwa maziwa! Mama Mizani akasema tungoje chupa isiyo na udongo, yenye dawa zilezile tupu, ndiyo shahidi. Shahidi wa nini, na macho ninayo? Mapumziko yalipofika, mbio kwa Shangazi: salfa ipo tele! Akanishika kichwa, akasema kumbe nimelea mtaalamu. Nusura nilie.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Chupa isiyo na udongo nayo maziwa. Mama Mizani akanusa chupa zilizobaki kabatini. Akauliza tangu lini maabara inanukia maua. Kumbe sabuni ina salfa yake! Nikajiona nje na kibegi changu. Lakini akasema chupa zote zioshwe upya, nami nibaki. Mungu amzidishie! Na Miwani, niliyemsengenya, akakunja mikono ya shati tukasuuza pamoja mpaka jioni, akiniita profesa wa maua. Nitamshukuru hadharani, siku atakapoacha kunicheka.

Ijumaa, 7 Machi
Majibu ya kweli: wingu la Shangazi ni kaukungu tu. Salfa hamna. Nikaenda kumwambia. Mfuko umeshakwenda, jirani kaumwaga wote shambani kwake. Beberu yuko uani anatafuna kamba. Shangazi akanipakulia chakula, akasema kula, mtoto wa kaka yangu, njaa yako haitatibu udongo. Jamani, nina watu! Wengine hawana hata wa kuwagombeza.

Basi nakiri. Sabuni si kitu, ilisuuzika. Kilichoharibika kweli ni huu mdomo: ulitangulia shahidi, na sasa Shangazi hana mbolea msimu mzima. Sirudii tena!

Nimemtuliza kwa kumwambia samadi ya beberu imejaa salfa. Ameshaanza kuizoa. Jumatatu nitaipima.