Geti la Buluu

Jumatatu, 4 Machi
Nimepata kazi! Halmashauri imeniteua mshauri wa mipango miji, nipange barabara mpya ya mtaa wetu. Wasifu wangu ulitaja miaka kumi na miwili katika fani ya ramani. Kweli tupu. Nilikuwa nazitoa fotokopi. Bwana Rula, jirani yangu mpimaji, asiyetoka bila rula mfukoni, ameikosa. Nimempita njiani bila salamu. Raha iliyoje.

Mke wangu kauliza kama najua kuchora barabara. Mama mkwe, mwenye nyumba tunayokaa, akasema yeye hana neno, mradi nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe isiguswe. Nimemwapia. Tena nimeahidi barabara itapita hapahapa mbele ya geti letu la buluu, ili cherehani ya mke wangu ipate wateja.

Jumanne, 5 Machi
Sijui kuchora barabara. Nimewaza hadi kichwa kikauma, kisha nikakumbuka: washauri wakubwa hawafanyi kazi, huajiri washauri wengine. Hapa mtaani anayejua ni Rula tu. Nimwombe mwenyewe? Afadhali nife. Nimemtuma shemeji, kaka wa mke wangu, akadai ni kazi ya bwana mkubwa fulani. Maagizo nimeyaandika mwenyewe, mstari mmoja: barabara ipinde, ipite kwenye geti la buluu. Rula kakubali. Mjinga!

Jumatano, 6 Machi
Neema juu ya neema. Kwenye ubao wa duka la fotokopi kuna tangazo: anatakiwa mtu wa kupima mtaa, kazi ya siku moja. Nikapiga simu. Sauti ya mwanamke ikaniajiri papo hapo. Sasa nina kazi mbili, na moja nafanyiwa!

Alhamisi, 7 Machi
Sielewi. Sauti ile ni ya mke wa Rula. Kanipa bahasha, ndani mna karatasi yenye mwandiko ninaoufahamu. Wangu. Kumbe Rula kazidiwa na kazi, ya kupima kaigawa. Yaani nimemwajiri Rula, naye kaniajiri mimi. Bosi wangu nani? Nikichelewa, nani anifokee? Nimekaa kizingitini nikahesabu kwa vidole. Kila mara narudi kwangu.

Nikapima tu. Mama mkwe kanishikia ncha ya utepe, maskini, jua kali. Akauliza barabara yenyewe itakuwa na upana gani. Nikachungulia masharti ya halmashauri: mita thelathini. Mtaa wetu una sita. Nikaandika thelathini, nikidhani zilizobaki zitapatikana ofisini.

Ijumaa, 8 Machi
Vipimo vyangu vilikwenda kwa Rula. Ramani ya Rula ikaja kwangu kupitia shemeji. Nikaifikisha halmashauri. Imepita! Mhandisi alisema tangu azaliwe hajaona kona kama ile. Nikatia sahihi mara mbili, kama mpimaji na kama mshauri.

Jumamosi, 9 Machi
Mafundi rangi wa halmashauri wamechora X nyekundu kwenye ukuta wetu. Sebule, chumba chetu, chumba cha cherehani. Nikawaambia wamekosea nyumba. Wakanionyesha ramani. Geti la buluu, bila shaka yoyote. Barabara haipiti mbele ya nyumba, inapita katikati yake.

Mama mkwe akaomba kuiona. Hakufoka. Heri angefoka. Aliweka kidole kwenye sahihi ya kwanza, akakisogeza hadi ya pili.

"Na mimi nikakushikia utepe, mwanangu."

Akaingia ndani, akaanza kuifunga picha ya marehemu kwa magazeti. Nimeona aibu hata kumtazama mke wangu.

Jumapili, 10 Machi
Nimelala sebuleni, upande wa X. Asubuhi majirani wamekutana uani kwetu. Tuna siku kumi na nne za kupinga, zikipita nyumba inabomolewa. Jirani mmoja akasema kikulacho ki nguoni mwako, wote wakanigeukia. Sijui kwa nini.

Wameamua kutafuta mshauri wa kuzifichua kasoro za ile ramani. Mama mkwe ndiye mwenyekiti wa usaili. Sasa kasoro zake nani anazijua kunishinda mimi? Barua ya maombi nimeshaandika. Uzoefu: miaka kumi na miwili na siku sita. Mdhamini: mama mkwe.

Shemeji nimemwambia akae tayari. Nikiipata tu, kuna kazi ya kumpelekea Rula.