Basi la Injini Mbili la Kakontwe

Jumanne, 4 Septemba 1984
Nimepata! Gazeti la Kifaransa lililofungiwa makayabu ya mke wangu Julie, samaki wale wa chumvi, lina habari ya basi la injini mbili. Mjini linashika nyaya za umeme juu. Nyaya zikiisha, linashusha mikono yake na kuwasha injini ya mazuti, yaani dizeli. Waamerika walijaribu kabla ya vita. Bei ya mafuta ilipopanda, Wajerumani na Wafaransa wakalirudia. Nimelisoma lote, likinuka samaki.

Hapa Likasi umeme upo, hata treni inatembea kwa umeme. Mazuti ndiyo hakuna. Wiki nzima basi langu la wafanyakazi wa machimbo ya Kakontwe linalala. Nitaligeuza liwe la injini mbili. Amisi, dereva mwenzangu, amepewa basi jipya. Na kofia!

Nimemweleza mzee Octave, aliyenifundisha usukani, sasa hoi kitandani. Hakucheka. Ameomba kitu kimoja: akifa, nimpeleke makaburini kwa basi hilo. Nimeapa.

Alhamisi, 6 Septemba
Mabomba mawili, mikono ya kushikia nyaya, yako juu ya paa, nimeyafunga mwenyewe. Injini ya umeme bado. Jambo dogo. Amisi akauliza mbele ya karakana yote: "Damas, ni manguo ya nani utaanika?" Wivu. Mkuu wa karakana amenipa mkono na kwenda kumwambia mkurugenzi.

Jumatatu, 10 Septemba
Balaa. Mkurugenzi amenipongeza, kisha akaamuru mazuti yangu yote yaliyofika leo apewe Amisi. "Bisi iko na courant, mazuti ya nini tena?" Nikasema injini ya umeme iko njiani. Akasema basi niingoje. Amisi amejaza tangi huku akipiga mluzi.

Jumatano, 12 Septemba
Mzee Octave amefariki alfajiri. Nimelia ndani ya basi, nimeshika usukani wake wa zamani. Mjane wake, mama Hélène, ameuliza basi litakuja saa ngapi.

Nimemwomba Amisi bidoni moja tu ya mazuti. Hana ruhusa ya kutoa, lakini amesema yeye mwenyewe atambeba mzee kwa basi lake, bure, kwa heshima. Nimekataa. Niliapa mimi.

Ijumaa, 14 Septemba
Tumezika. Tuliweka jeneza katikati ya viti, mimi nikakaa kwenye usukani, wanaume wakasukuma. Kutoka Kakontwe mpaka makaburini! Wanawake waliimba nyuma. Kwenye mlima basi lilianza kurudi, nikaona Amisi anavua kofia na kuweka bega lake.

Kwenye reli tulisimama kupisha treni ya umeme. Ilipita polepole chini ya nyaya zake. Watu walitazama treni, wakatazama mabomba yangu, wakarudi kusukuma. Heri wangenitukana.

Kaburini mama Hélène alinishika mkono. "Alisemaka bisi yako itamubeba. Imemubeba." Nimeona aibu hadi kwenye mifupa. Nimemwambia Julie kwamba mambo ya kubuni nimeacha. Kabisa.

Jumamosi, 15 Septemba
Sikulala vizuri. Nimewaza. Wazungu, pamoja na akili zao zote, wamefika njia mbili tu: umeme na mazuti. Sisi jana tumevuka mji bila tone, bila waya. Njia ya tatu!

Mabomba nimeyashusha. Nitayafunga ubavuni, usawa wa kifua, watu wapate pa kushika wakisukuma. Mzee Octave asingecheka. Jumatatu naenda kwa mkurugenzi mwenyewe, kumwambia kwamba Kakontwe hatuhitaji mazuti tena.