Jiwe la Kale na Mabati ya Teresa

Jumatatu, 3 Machi
Leo, saa nne na robo asubuhi, Bustani ya Kale ya Okiror, hapa nyumbani karibu na Amagoro, imefunguliwa rasmi. Nimekata utepe mwenyewe. Utepe ulikuwa kamba ya mbuzi. Mbuzi alihudhuria.

Kivutio ni jiwe langu, lenye mashimo kumi na moja ya kusagia wimbi, kazi ya watu wa zamani. La saba linameza ngumi nzima. Nani alisaga mpaka likaingia hivyo? Alikuwa na watoto wangapi?

Kibanda cha tiketi nimekijenga kwa mabati ya upande mmoja wa paa la jiko. Mke wangu Teresa amesema mvua ikimkuta bila paa, ugali nitajipikia. Nimemweleza kwamba huu ni uwekezaji.

Jumanne, 4 Machi
Nimemkuta jirani, Mama Amongin, akisaga wimbi kwenye shimo la nne. Nikamwambia hilo sasa ni la kale. Akauliza limekuwa la kale tangu lini, maana jana alisagia hapo. Nikamfukuza kwa heshima. Amehamia jiwe lake dogo, ng'ambo ya ua.

Nimesugua mashimo yote kwa sabuni. Yanang'aa kama sinki.

Ijumaa, 7 Machi
Wanafunzi thelathini na wanane kutoka Bumala, na mwalimu wao, Madam Emmaculate. Nilipima kwa saa: walitazama dakika nne. Mmoja akauliza jiwe linafanya nini. Nikasema halifanyi kitu, ni la kale.

Hapo ikasikika kru, kru, ng'ambo ya ua. Wote wakaenda. Mama Amongin akawapanga foleni ya kusaga, akawauzia uji, hata choo akatoza. Saa mbili nzima!

Madam akaniambia, “Mzee, kwako pamelala sana.”

Jumamosi, 8 Machi
Mama Amongin amekuja na Teresa. Wanapendekeza arudi shimo la nne, mapato tugawane, tiketi niuze chini ya mti, mabati yarudi jikoni leo. Teresa ameonyesha mawingu upande wa Uganda.

Nimewasikiliza vizuri. Hawaelewi biashara. Tatizo nimeshaligundua: ua ni mfupi, wageni wanachungulia. Nimeng'oa mabati yaliyobaki jikoni, nikauinua ua kwa hayo.

Kru, kru bado inasikika.

Saa kumi mvua imeanza.