Nafasi Niliyompa Dereva

Jumatatu, 4 Machi

Jicho la kushoto limetiririka asubuhi nzima. Nilikuwa nakata satini nyeupe ya bibi harusi, tone likaanguka kifuani hasa. Nikalifunika kwa kiganja. Mwenye nguo akaniona. Akadhani nalia kwa ajili yake, akanishika bega na kuniambia anaolewa, hafi. Nikamshukuru. Doa halitoki. Nitaliwekea ua.

Mkasi aliona kila kitu. Huyu ni fundi mwenzangu, tunagawana kibaraza, cherehani zetu zinapeana mgongo. Mteja alipoondoka akaninong'oneza kwa huruma kwamba nguo za harusi nimwachie yeye, mimi nipumzike na kubadilisha zipu. Huruma yake naijua. Anautaka upande wangu, ule wenye mwanga.

Mama Watoto amesema kesho hospitali. Hakuniuliza, amesema.

Jumanne, 5 Machi

Daktari ni binti mdogo, kucha fupi, sauti ya chini. Alinibonyeza kando ya pua. Usaha ukachomoza kwenye kona ya jicho. Mama Watoto akageukia ukutani. Kisha daktari akachukua sindano butu, akasukuma maji kwenye kitundu cha ukope, akaniuliza kama nayasikia kooni. Nikasema yamefika, tena mengi. Maji yote yalikuwa shavuni, yanaingia kwenye kola. Akayatazama, akanitazama, akaandika.

Mfereji wa machozi umeziba kabisa. Dawa za matone hazifui dafu. Watachana ngozi, watatoboa mfupa wa kando ya pua, watapitisha mrija mwembamba ili machozi yapate njia mpya ya kushukia puani. Alisema mfupa wenyewe ni laini kama ganda la yai. Alidhani ananiliwaza. Nikipuuza, usaha unaweza kupenya nyuma ya jicho, na hapo tutakuwa tunazungumzia mambo mengine. Nimepangiwa Jumatatu. Mama Watoto amekubali kwa niaba yangu.

Njiani nilimwambia naona nafuu. Akanipa leso.

Ijumaa, 8 Machi

Mpango ni huu. Mama Watoto akiona jicho kavu siku mbili tatu, habari za kutobolewa mfupa zitakufa zenyewe. Kwa hiyo najifungia chooni, nabonyeza usaha wote utoke, najifuta kwa pamba, natoka nikitabasamu. Jana nimefanya hivyo kutwa. Leo tena. Mchana huu alinitazama sana, akasema labda kweli limeanza kupona. Labda! Kichwani nimeshaifuta ile Jumatatu.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeamka na uvimbe kando ya pua, mwekundu, unagonga kama una moyo wake. Jicho limefumba. Homa. Daktari aliuliza kama nilikuwa najibonyeza. Nikakana. Mama Watoto akatoa furushi la pamba alilolikuta nyuma ya ndoo ya choo, akaliweka mezani.

Nimelazwa. Dawa za mshipani mpaka uvimbe ushuke, kisha kisu. Jumatano. Nilikimbia Jumatatu nikapata Jumatano na kitanda juu.

Mkasi alikuja kunipa pole. Kwa bahati mbaya, akasema, ameisogeza cherehani yangu kidogo, anafagia.

Jumapili, 10 Machi

Kitanda cha jirani, dirishani, yupo mzee aliyeendesha malori ya mizigo miaka yote. Wodi nzima inamwita Dereva. Jicho lake la kulia lina uvimbe ndani, wanalitoa kabisa. Ananiambia hivyo huku anamenya chungwa. Anasema aliwahi kushuka milima yenye kona usiku na taa moja, na mzigo ukafika. Ana vidonge vya moyo kwenye kikopo, anavimeza kama karanga.

Mkewe anakuja mchana, anamchana nywele, ingawa nywele zenyewe ni chache. Mbele yake Dereva anatania. Mkewe akiondoka, anageukia dirisha. Leo aliniambia kuwa kutolewa jicho hakumtishi, kinachommaliza ni kungoja. Naye ni Jumatano, ila wa mwisho. Mimi ni wa kwanza.

Ningempa hata sasa hivi.

Jumatano, 13 Machi

Naandika ili mkono upate kazi.

Jana muuguzi alitangaza kwamba wa kupasuliwa tusile wala tusinywe kitu. Nikaona mlango wa kutorokea. Alfajiri nilikwenda jikoni, nikaomba chai ya maziwa, nikainywa nimesimama, kikombe kizima. Kisha nikajipeleka kwa muuguzi kukiri, uso wa huzuni. Nilitegemea nirudishwe nyumbani. Alinifokea mpaka wagonjwa wakaamka. Akasema nitapasuliwa kesho, na asubuhi hii aingie mwingine. Akampima Dereva presha, akamwambia ajiandae.

Dereva akaniuliza kulikoni. Nikamwambia nimempisha, kwa heshima ya mkubwa. Lilinitoka tu. Akakaa kitandani akaupapasa mkono wangu. Macho yake yote mawili yalikuwa na maji, hata lile bovu.

"Asante, mdogo wangu," alisema. "Kungoja kulikuwa kunaniua."

Akampigia mkewe simu. Wakamsukuma koridoni, ameinua dole gumba.

Hakurudi. Daktari alikuja mwenyewe wodini, kofia bado kichwani. Moyo ulisimama alipopewa dawa ya usingizi, kabla hawajashika kisu. Walihangaika naye muda mrefu. Alisema moyo ule ungesimama saa yoyote, asubuhi au jioni. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikataka kumwomba mara ya tatu, nikaona ananishangaa.

Mkewe alifika na chupa ya uji. Walimwambia mlangoni. Baadaye akaja kwenye kitanda changu, akanishika mikono yote miwili.

"Alinipigia asubuhi, baba," alisema. "Alifurahi mno. Alisema umempa nafasi yako. Mungu akulipe."

Nilisema si kitu. Ndivyo nilivyosema. Si kitu.

Alhamisi, 14 Machi

Godoro la dirishani limekunjwa. Leo hapakuwa na wa kumpisha.

Mama Watoto alinisindikiza mpaka kwenye milango ya chumba cha upasuaji. Nilitaka kumwambia habari ya chai. Nikamwambia amwangalie Mkasi. Ndani ni baridi, taa kubwa, watu wamefunika nyuso. Niliogopa kama mtoto na nikamfikiria Dereva, kwamba hii dari ndiyo aliyoitazama.

Nimezinduka pua imeshindiliwa shashi, uso umevimba. Daktari anasema imekwenda vizuri. Anasema pia kwamba nilipokuwa naamka nilikuwa namwomba mtu radhi kwa sababu ya kikombe cha chai. Nikamwambia dawa zao kali.

Jumatatu, 25 Machi

Kazini. Mkasi amekaa kwenye mwanga wangu, ameshatundika na kalenda yake.

Mchana alikuja mjane wa Dereva na kitambaa cheusi. Anataka nguo yake na za binti zake wawili. Mkasi akaruka kumpokea. Mama akasema hapana, anamtaka yule fundi mwenye roho nzuri, na akamsimulia yote, tangu kitanda hadi dole gumba. Mkasi alisimama kusikiliza, pini mdomoni. Nilimpima mama. Nguo aliyovaa ilimpwaya, kiuno kimekwisha. Aliniambia bado anachemsha uji wa watu wawili.

Alipoondoka nikaanza kushona. Katikati ya mshono wa bega nikalia. Nililia kweli, cherehani inakwenda. Shavuni halikuonekana kitu. Njia mpya inafanya kazi. Machozi yalipita ndani, yakanishukia kooni, yana chumvi, nikawa nameza. Mkasi akageuka, akalichungulia jicho langu. Akasema limepona, limekauka kabisa.

Nguo zimekaa vizuri.

Jumamosi, 30 Machi

Wiki ya ajabu! Dada zake mjane wamekuja, wote wanataka nguo nyeusi. Kisha majirani zake. Kisha madereva wanne wa malori wanataka suruali za kwendea msibani kwa mwenzao mwingine. Kila mmoja ananisalimu kwa mikono miwili. Kibaraza hakipitiki. Mkasi ameondoa kalenda yake mwenyewe na kunirudishia mwanga. Namwachia zipu za kushona.

Mrija utatolewa baada ya miezi miwili. Nimeshaanza kumwandaa Mama Watoto, namwambia kuna watu wanaishi nao mpaka uzeeni.

Kesho nakwenda wodini kuwaona wagonjwa. Nilipomwambia, Mama Watoto alikwenda kununua machungwa, akasema hospitali imenibadilisha. Nitaanzia kwa wazee wenye vikopo vya vidonge, kisha wale wanaotembelewa na ukoo mzima. Nitakaa nao, nitawasikiliza, nitawamenyea.

Utepe wa kupimia nimeuweka mfuko wa ndani wa koti. Ukikunjwa vizuri hauonekani.