Amonaiti Wetu Hawakuhamia Kutoka Popote

Jumatatu, 3 Machi
Mkurugenzi wa makumbusho anatafuta mtu wa kuandika maelezo ya kabati jipya la amonaiti, wale jamaa wa pweza wa kale, magamba yao ya kujiviringa sasa ni mawe. Ni mimi, mtunza stoo miaka kumi na tisa, au Miwani, mtafiti wa juzi. Miwani anadai walihamia hapa kutoka bahari ya kaskazini wakiwa na magamba laini. Maji mageni, maisha mageni. Vizazi vyao vikaota matuta, miiba, maumbo chungu nzima. Upuuzi. Wamezaliwa hapa na matuta yao. Lazima jina langu likae kwenye kioo kile. Mama mkwe anadhani kazi yangu ni kufuta vumbi.

Jumatano, 5 Machi
Ushahidi wa Miwani ni droo moja tu: magamba laini kama ya kaskazini, yaliyochimbwa kwenye tabaka letu la mawe la chini kabisa, la kale kuliko yote. Saa ya chakula nikayahamisha. Mahali pake nikaweka yenye matuta. Yale laini nikayaficha kwenye droo ya magamba yaliyoletwa kutoka kaskazini. Nani atatafuta huko?

Alhamisi, 6 Machi
Miwani alitafuta huko.

Kwanza aligeuza gamba moja lenye matuta kwenye droo yake, akasoma namba ya mahali na tabaka lilikochimbwa iliyoandikwa chini, kisha akafungua droo ya kaskazini, akauliza yale laini ya kwetu ni yapi. Nikasema yamechanganyika na ya kaskazini, bahati mbaya. Mkurugenzi akaniamuru niyachambue bila kutazama namba. Nilihangaika dakika arobaini. Yanafanana kama shilingi kwa ya pili. Akauliza kwa upole kama hata mimi, baada ya miaka kumi na tisa, siwezi kuyatofautisha. Nikakiri. Miwani akanishukuru: eti sijawahi kumsaidia hivyo. Maelezo ataandika yeye.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepewa barua ya onyo. Nimeikunja mara nne. Miwani kaja kunifariji, akasema hakuna aibu kuwa na asili ya wahamiaji. Nikampisha apite. Mwenye nguvu mpishe, lakini si mbali.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeamka na akili mpya. Kweli hawatofautiki. Kweli walihama. Ila nani kasema walitoka kule kuja huku? Walitoka kwetu, wakaenda kuwastaarabisha wa kaskazini! Kinachonikwamisha ni zile namba tu.

Nimenunua msasa. Jumatatu naanza na droo ya kaskazini.